Ugali Uliochimbwa Katikati

Nesta alikuwa anampimia mteja doti ya tatu ya kitenge simu ilipolia juu ya kaunta. Mwanamke mwingine angeiacha. Lakini Nesta alikuwa na mchumba anayefundisha mazoezi wanawake ishirini na sita, na mwanamke wa namna hiyo haachi simu ilie. Aliichungulia. Ilikuwa picha ya sahani.

Sahani peke yake haikuwa habari. Kila siku ikifika saa saba mchana, kundi la simu la Amka na Jasho lilijaa sahani utadhani kuna harusi. Ndivyo Kasiani alivyotaka. Kasiani, kochi wao, aliwakimbiza kila alfajiri kwenye uwanja wa shule ya msingi, katika baridi ile ya Tunduma inayowagonganisha meno watu wazima, kisha akawaruhusu kwenda nyumbani kwa sharti moja: kila mlo upigwe picha mbili, ya kwanza kabla hujagusa, ya pili ukishamaliza. Nusu ya sahani iwe mboga. Ugali usizidi ngumi. "Ngumi yako mwenyewe," alikuwa akisema, "si ya mumeo." Na kila picha aliijibu yeye, mtu mmoja mmoja, kwa utani wake. Jumamosi wote walipanda mizani mbele ya wenzao, na aliyepungua alipigiwa makofi.

Watu walimpenda kwa hilo. Akina mama ambao waume zao hawakuwahi kuwauliza wamekula nini tangu siku ya ndoa, sasa walikuwa na mwanaume anayewauliza kila mchana. Na hapo ndipo roho ya Nesta ilipokuwa inaungulia.

Yeye mwenyewe alijiunga miezi minne iliyopita, akasema anataka kupunguza tumbo kabla ya harusi. Uongo mtupu. Alijiunga ili alinde chake. Kila mchana alipiga picha mchicha na kiugali cha ngumi, akatuma, akasifiwa. Jioni akaagiza chipsi mayai na kuzila nyuma ya marobota ya vitenge, kayaegemea huku anasoma kochi amemjibu nani na kwa maneno mangapi.

Picha ya siku hiyo, Jumatano, ilitoka kwa Tabita.

Tabita alikuwa mjane wa dereva wa malori, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mpole, mwenye macho makubwa na maneno machache. Ndani ya miezi miwili alikuwa amepungua kilo tisa. Kilo tisa! Kundi zima lilimpigia makofi na kumchangia zawadi ya kitenge, na kitenge chenyewe kikanunuliwa dukani kwa Nesta. Alikifunga kwa mikono yake, akitabasamu, moyo ukimuuma. Kiuno cha Tabita kilikuwa kimebaki cha kushikwa kwa viganja viwili, na Nesta alijikuta anajiuliza viganja hivyo ni vya nani.

Sasa aliitazama picha. Ilikuwa ile ya pili, ya kumaliza. Sahani ilikuwa tupu, ina michirizi ya majani ya maboga yaliyoungwa karanga, na chini yake Tabita ameandika neno moja tu: Nimemaliza. Lakini kwenye pembe ya picha ilionekana sahani nyingine. Nesta aliikuza kwa vidole viwili. Sahani ile ilikuwa na ugali, na ugali ule ulikuwa umechimbwa katikati.

Watu wote huanza ugali pembeni. Kasiani peke yake, kati ya wanaume wote Nesta aliowahi kula nao, alianzia katikati, akachimba mpaka zikabaki kuta, akamimina mchuzi humo. Alijifunza hivyo utotoni kwa bibi yake kijijini Ndalambo, walipokuwa wajukuu saba kwenye sinia moja na kila mmoja akijichimbia shimo lake la mchuzi kabla kaka zake hawajaumaliza. Nesta alikuwa ameucheka ule ugali mara nyingi, na kila alipoucheka alikuwa anaupenda. Sasa ulikuwa kwenye picha ya mwanamke mwingine.

"Nishinga, mayo?" mteja aliuliza bei kwa Kibemba. Alikuwa mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Nesta alimtajia bei ya kitenge kingine kabisa. Mama yule akalipa haraka haraka na kuondoka kabla hajasahihishwa.

Mtu mwenye busara angempigia mchumba wake simu. Nesta hakuwa na busara saa ile, alikuwa na wivu. Aliandika palepale kundini, mbele ya watu wote: "Hongera dada Tabita kwa kumaliza. Na huo ugali wa pembeni uliochimbwa katikati ni wa nani? Au siku hizi unakula kwa sahani mbili?" Akaweka na vikatuni vitatu vya kucheka, ili ionekane utani.

Wa kwanza kudaka alikuwa Irene wa saluni, ambaye umbea kwake ni sehemu ya kazi.

"Weee! Mbona mimi naona na kidole gumba cha mwanaume?"

Hakukuwa na kidole chochote.

"Mjane kapata mwenza wa kumega naye," akaandika mwingine.

"Kochi, tunaomba uikague na hiyo sahani ya pili!"

Vicheko vikamiminika. Kochi hakujibu. Baada ya dakika kumi yakatokea maandishi madogo ya kijivu: Tabita ametoka kwenye kundi.

Tusifichane, Nesta aliona raha. Raha ya kweli, ya kama dakika tano. Kisha akaanza kuwaza kwamba asiye na kosa hakimbii, na raha ikageuka uchungu. Jioni ile Kasiani alimpigia mara sita. Mara zote sita Nesta aliitazama simu ikitetemeka mpaka ikanyamaza.

Alhamisi asubuhi simu aliyoipokea ilikuwa ya mama yake kutoka Mbozi.

"Umeamkaje, mama?" alisalimia mama yake, kwa namna ya kule kwao ya kumwita binti mama.

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeshaagiza ndizi na kuku wanne. Hao wazee wa huyo mruka-ruka wako wanaleta barua ya posa Jumamosi, au wamebadili?"

"Mama, ni kochi."

"Kochi ndiyo nini? Baba yako ana miche elfu mbili ya kahawa. Huyo ana nini? Mizani. Mimi sijakataa, baba yako amekubali, nitapika. Lakini nilisema na narudia, mwanaume anayechungulia sahani za wake za watu kila siku, ipo siku atakaa aonje."

Siku nyingine Nesta angemtetea mpaka salio liishe. Siku hiyo hakumtetea.

"Mbona kimya?" mama yake aliuliza.

"Nina wateja, mama."

Duka lilikuwa halina hata mtu mmoja.

Saa sita na nusu alifunga duka. Alijipaka poda, akavaa viatu vya visigino ambavyo havifai kabisa kwa barabara za mtaa wa Sogea alikoishi Tabita, akamwambia bodaboda aende haraka. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alipanga atakavyoanza kwa upole, kisha atakavyomchoma, kisha atakavyoondoka bila kugeuka nyuma. Alipofika akakuta mlango wa Tabita uko wazi na pazia limefungwa fundo juu, mtu akipita barabarani anaona mpaka ukuta wa nyuma. Na ndani, kwenye mkeka, walikuwepo wawili. Tabita upande huu, Kasiani upande ule, sahani mbili katikati.

Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Niseme hodi, au nisubiri nikaribishwe?" alisema kwa sauti.

Kasiani aliinua kichwa. "Nesta."

"Endelea kuchimba, usisimame kwa ajili yangu. Mchuzi usije ukapoa."

Tabita alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha sahanini polepole, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Dada Nesta, karibu ukae."

"Nikae wapi, dada? Naona nafasi zimejaa."

"Nesta, tutoke nje tuongee," Kasiani alisema akiinuka. Lakini kabla hajamaliza kuinuka alimgeukia Tabita, na sauti yake ikashuka. "Usiache, Tabita. Yamebaki matonge matatu tu. Meza hilo kwanza."

Ilikuwa sauti ile. Sauti ya chini, ya pole pole, ambayo Kasiani aliitumia siku alipomwomba Nesta wachumbiane, na ambayo Nesta alikuwa anaamini ipo mahali pamoja tu duniani, nayo ni sikioni kwake. Angemkuta anamkumbatia yule mwanamke isingemuuma hivyo.

"Ameze kwanza!" alipiga kelele. "Mimi nimesimama hapa kama mdai, na wewe unahesabu matonge ya mwanamke mwingine! Mlishe basi! Mlishe kwa mkono nione!"

Jirani alikuwa ameacha kufua. Tabita alisimama, akachukua sahani yake ambayo ilikuwa bado na chakula kingi.

"Nimeshiba, kochi," alisema.

"Hujashiba."

"Nimeshiba." Akaingia nayo jikoni, wakasikia chakula kikimwagwa.

Kasiani alifumba macho. Alipoyafumbua alimpita Nesta bila kumgusa, akatoka, akaenda kusimama pembeni ya ukuta wa jirani. Nesta akamfuata, visigino vikizama vumbini. Kutoka barabara kuu zilisikika honi za malori yaliyopanga foleni ya mpakani.

"Umeanza lini?" Nesta aliuliza.

"Wiki ya tano hii."

"Wiki tano! Na unasema hata macho huinamishi."

"Aibu ninayo, Nesta. Ila si hiyo unayoitafuta." Kasiani alijifuta mikono kwenye suruali. "Kilo tisa. Uliwahi kujiuliza zilikwendaje?"

"Kwa kumkimbilia mwanaume wa watu."

"Kwa njaa." Alilisema neno lile kwa hasira, na hasira yenyewe haikumlenga Nesta. "Tangu mumewe afe hawezi kula peke yake. Anapika, anapakua, anapiga picha, anaituma. Anakaa nusu saa anaangalia chakula. Halafu anamwagia kuku wa jirani, anaosha sahani, anapiga picha ya pili. Na mimi namjibu safi sana. Nyie wote sahani zenu za kumaliza zina mchuzi, zina mifupa. Yake ilikuwa inang'aa. Kazi yangu ni kuangalia sahani, Nesta, na hiyo sikuiona."

"Uliiona lini?"

"Jumamosi moja, wewe ulikuwa Mbozi mnavuna kahawa. Watu wameshaondoka, yeye kabaki kunisaidia kukunja mikeka. Akaanguka. Nilipomwinua alikuwa mwepesi hata nikaogopa. Nikampeleka zahanati, wakapima, wakasema hana ugonjwa, ale. Nikamuuliza, utakula? Akasema, nikipata wa kula naye." Kasiani akatikisa kichwa. "Wiki moja kabla ya hapo tulimpigia makofi. Mimi ndiye niliyeanzisha. Nilimpa mtu mwenye njaa zawadi kwa sababu ya njaa yake."

Nesta alikumbuka alivyokifunga kile kitenge. Alitamani kukaa chini, lakini hakutaka kukaa mbele yake.

"Hana ndugu?"

"Wako kijijini Ibaba. Hataki wajue."

"Na mimi? Mimi mkeo mtarajiwa, kwa nini sikuambiwa?"

"Aliniapisha."

"Kwa hiyo kiapo chake ni kikubwa kuliko mimi."

"Nesta, siri yake nimeitunza wiki tano. Yako ya chipsi mayai nimeitunza miezi minne."

Uso wa Nesta ulipata moto. "Chipsi zipi?"

"Za kwa Gasper. Kibanda chake kipo mlango wa nne kutoka dukani kwako, na tumesoma naye darasa moja. Kila jioni sahani moja, pilipili nyingi, kachumbari hutaki." Alisema bila kutabasamu. "Umewahi kunisikia nikikutaja kundini? Hata kwa utani?"

Hakuwahi.

"Ile sahani ya jana," Kasiani aliendelea, "ndiyo ya kwanza aliyoimaliza kweli tangu mazishi. Hakuiosha. Alifurahi, akaipiga picha hata mimi sijamaliza yangu, hakuangalia pembeni kuna nini. Aliituma kwa sababu kwa mara ya kwanza haikuwa ya uongo. Na wewe ukamuuliza mbele ya watu sahani ya pili ni ya nani."

Nesta aliona aibu. Lakini mtu asidhani wivu huondoka aibu ikiingia. Vilikaa vyote viwili, bega kwa bega, na wivu ndio uliosema.

"Unampenda?"

"Nakupenda wewe."

"Sikuuliza hivyo."

Kasiani alimgeukia. "Namhurumia. Ukiniuliza kama ni mzuri, macho ninayo. Lakini hakuna siku nilikaa mle ndani kabla sijalifunga lile pazia fundo kwa mkono wangu."

"Na yeye, anakupenda?"

"Sijui. Sijamuuliza."

"Mimi najua," alisema Nesta. "Hujaona anavyokuangalia. Unaona sahani tu."

Hakukanusha. Nesta alikuwa ameomba moyoni akanushe.

"Baba na wazee wanapanda gari kesho jioni kutoka Ndalambo, walale kwangu, Jumamosi tuje kwenu," Kasiani alisema. "Magoti ya baba ni mabovu. Kama hutaki waje, niambie leo, asije akateseka na safari ya bure."

"Na nikisema waje, ila wewe usikanyage tena hapa mchana?"

"Atarudi kuosha sahani."

"Nimekuuliza wewe, sikuuliza habari zake."

"Na mimi nimekujibu. Siwezi, Nesta. Umeniona nimekukatalia jambo tangu tujuane? Hili siwezi. Nitasubiri jibu lako mpaka kesho saa sita."

Akaondoka kwa miguu, hakugeuka nyuma, na Nesta akabaki pale ukutani na jirani aliyerudia kufua nguo ambazo zilishatakata.

Hakurudi dukani siku ile. Alijifungia chumbani akalia kwa hasira, kisha akalia kwa huzuni, kisha akakaa tu. Alijaribu kumchukia Tabita na kila alipokaribia kufaulu alimwona amekaa na sahani yake, nusu saa nzima, mlango umefungwa. Alijaribu kumhurumia, na kila alipokaribia kufaulu aliisikia ile sauti ikisema yamebaki matonge matatu. Kumwacha Kasiani aliona hawezi. Kumgawana aliona hawezi zaidi. Ilibaki njia moja tu, nayo hakuipenda hata kidogo.

Ijumaa asubuhi aliandika kundini: "Jamani, picha zangu za mchana ni za kweli. Za jioni sijawahi kutuma hata moja, kwa sababu kila jioni nakula chipsi mayai. Miezi minne. Anayetaka kucheka anicheke mimi. Jumatano nilimkosea dada Tabita kwa jambo lisilonihusu, na naomba asiulizwe na mtu yeyote."

"Weee!" aliandika Irene wa saluni. "Miezi minne! Ndiyo maana hilo tumbo halitaki kuondoka!"

Wakamcheka mpaka saa tano. Nesta aliwaacha wacheke. Akiwa anamenya ndizi alimwandikia Kasiani: "Wazee waje. Leo mchana usiende Sogea."

Simu ililia palepale.

"Nesta, nilikuambia jana..."

"Nimesikia ulichoniambia jana. Usiende. Kuna mtu anakwenda."

"Nani?"

Nesta alikata simu, kwa sababu alijua akilitamka jibu angelibadili.

Saa saba kasoro aliteremka kwenye bodaboda akiwa na masufuria mawili aliyoyafunga kwa kanga, moja la ndizi, moja la maharage. Safari hii alivaa ndala. Tabita alifungua mlango kabla hajabisha hodi. Alikuwa amechana nywele vizuri, amezibana nyuma, na macho yake makubwa yalimpita Nesta yakaenda moja kwa moja barabarani.

"Kochi haji?"

Maneno mawili tu, lakini yalimwingia Nesta kama mwiba. Alishika masufuria kwa nguvu zaidi.

"Haji. Nimekuja mimi."

"Dada, kama umekuja kunisema, nakuomba uingie ndani kwanza. Jana majirani walisikia ya kutosha."

"Nimekuja kula," alisema Nesta. "Mikono yangu inaungua. Nipishe."

Walikaa mkekani. Nesta alipakua mwenyewe, sahani mbili sawasawa. Tabita hakuisogelea yake. Alikuwa anaiangalia kwa mbali, na Nesta akaelewa kwamba hiyo ndiyo ile nusu saa.

"Nilikukosea," Nesta alisema. "Sikujua."

"Na sasa unajua." Tabita aliinamisha uso. "Amekuambia."

"Nilimbana. Usimlaumu yeye."

"Kundi zima linajua?"

"Kundi zima linajua kwamba mimi nakula chipsi. Lako halijui mtu."

Nje pikipiki ilipita, Tabita akageuza kichwa kidogo kuelekea mlangoni, kisha akakirudisha. Alijua kwamba Nesta amemwona.

"Sitakudanganya, dada," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa namsubiri. Saa sita ikifika nachana nywele. Yeye hajanifanyia lolote, hata mkono hajanigusa, tunakula, anaondoka. Lakini nilikuwa namsubiri."

Kumbe Nesta alikuwa sahihi. Tangu Jumatano alikuwa akitamani kuwa sahihi, na sasa alipopewa haki yake hakujua aiweke wapi. Alitegemea angemparua. Badala yake alimwangalia yule mwanamke aliyechana nywele zake vizuri namna ile kwa ajili ya nusu saa.

"Najua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Na mimi ndivyo ninavyomsubiri."

Tabita alifuta machozi kwa kiganja. "Sasa asipokuja, nitakula kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu."

"Wewe hunipendi, dada Nesta."

"Sijasema nakupenda. Mimi nina wivu. Usipokula, atarudi yeye kukulisha, na akirudi yeye mimi usingizi sina. Kwa hiyo utakula. Leo utakula, kesho utakula, na mimi nitakuja kila mchana mpaka unichoke."

"Kesho si wazee wanaleta barua kwenu?"

Nesta alikuwa amesahau. Alifikiri kidogo, na alipopata jibu lilimshangaza hata yeye. "Basi tutakwenda wote Mbozi. Utakaa na mimi jikoni wakati wanasoma hiyo barua. Na utakula mbele ya mama yangu, ambaye hajawahi kumwonea huruma mtu mwenye sahani iliyojaa."

"Utawaambia mimi ni nani?"

"Nitasema ni dada yangu wa mazoezini. Wakiuliza zaidi, nitasema mwenye kuuliza maswali apewe sahani."

Tabita alimtazama, haamini. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama mtu anayejaribu kama bado anaweza, halafu kikarefuka. Kilikuwa kizuri, cha kumfanya mwanaume ageuke njiani, na jambo hilo lilimuudhi Nesta kuliko yote ya wiki ile. Akachota maharage, akamwongezea.

"Kula," alisema.